Mto Mmoja, Majina Mawili: Juu ya Kuwafundisha Watoto Jiografia Wawili Wawili kwa Lugha Mbili

Katika milima ya San Juan, jimbo la Colorado nchini Marekani, hutoka mto ambao huteremka kusini ukiipita New Mexico, kisha ukageuka kuelekea kusini-mashariki na kuwa mpaka baina ya jimbo la Texas na nchi ya Meksiko, hata ukaishia katika Ghuba ya Meksiko baada ya mwendo upatao kilomita 3,000. Watu wa ng'ambo ya kaskazini huuita Rio Grande, yaani Mto Mkubwa, na watu wa ng'ambo ya kusini huuita Río Bravo, yaani Mto Mkali. Na majina yote mawili, hata lile lililoandikwa katika ramani za Wamarekani, ni ya Kihispania. Basi mtoto wa miaka minane akaaye karibu na mto huo, ambaye shuleni huambiwa jina moja na nyumbani kwa bibi yake husikia la pili, ana mbele yake somo zima la jiografia kabla hajafungua kitabu: ya kwamba mahali pamoja huweza kuonwa na watu wawili kwa sura mbili, na kila mmoja akawa amesema kweli.

Nimeanza na mto huu kwa sababu katika nchi iliyo karibu na mdomo wake, kuanzia miaka ya tisini ya karne iliyopita, wataalamu Leo Gómez na Richard Gómez walitunga utaratibu wa shule za msingi ambao umeenea katika shule nyingi za Texas, na ambao kiini chake ni kuwaketisha watoto wawili wawili: mmoja mwenye nguvu zaidi katika Kiingereza, mwenziwe mwenye nguvu zaidi katika Kihispania. Hesabu hufundishwa kwa Kiingereza kwa watoto wote. Sayansi na maarifa ya jamii, ambamo jiografia imo, hufundishwa kwa Kihispania kwa watoto wote vilevile. Na mambo mengine ya shule, kama vile matangazo ya asubuhi na maneno ya kupanga foleni, hufuata lugha ya siku, leo hii na kesho ile. Mwalimu hatafsiri. Anapofundisha kwa Kihispania, mtoto asiyeelewa humgeukia jirani yake, na saa ya hesabu ikifika jirani naye humgeukia yeye. Wakikua kidogo, wawili hao hupewa kazi ya utafiti: huchagua swali, hutafuta habari zake, huziandika, kisha husimama pamoja kuzieleza mbele ya darasa.

Mwenye kuusikia utaratibu huu kwa mara ya kwanza huenda akadhani kwamba ni hila nyepesi ya kupunguza kazi ya mwalimu. Sivyo hata kidogo, na ili tuupime kwa insafu hatuna budi kwanza kutazama ulikotoka, maana hakuna jambo la lugha shuleni ambalo halina historia ya machungu nyuma yake.

Mwaka 1918 jimbo la Texas lilipitisha sheria ya kwamba mafunzo ya shule za umma yawe kwa Kiingereza peke yake, na kwa muda wa nusu karne watoto wenye asili ya Meksiko walipigwa, wakabakizwa shuleni baada ya saa za masomo, au wakatozwa senti, kwa kosa la kusema Kihispania uwanjani. Msomaji wa Afrika ya Mashariki hahitaji kuelezwa mambo haya kwa urefu. Wako wazee wetu, na wako wengine ambao si wazee, waliovishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama yao, wakapokezana kibao hicho mchana kutwa hata jioni yakahesabiwa majina ya waliokivaa. Mabadiliko yalikuja polepole. Mwaka 1968 serikali kuu ya Marekani ilipitisha sheria ya kusaidia elimu ya lugha mbili, iliyoletwa barazani na Ralph Yarborough, seneta wa Texas, na kutiwa sahihi na Rais Lyndon Johnson, ambaye mwenyewe aliwahi kufundisha watoto wa Kimeksiko katika mji mdogo wa Cotulla mwaka 1928. Na mwaka 1974 Mahakama Kuu ya nchi ile, katika shauri la watoto wa Kichina wa San Francisco, iliamua kwamba kumpa mtoto kitabu kilekile na mwalimu yuleyule katika lugha asiyoielewa si kumpa haki sawa.

Hata hivyo, kumruhusu mtoto asome kwa lugha yake ni jambo moja, na kuwaunganisha watoto wa lugha mbili wasome pamoja ni jambo jingine kabisa. La pili lilijaribiwa mapema katika shule ya Coral Way, mjini Miami, mwezi wa Septemba mwaka 1963, baada ya maelfu ya Wakuba kuihama nchi yao kufuatia mapinduzi ya mwaka 1959. Kwa fedha za Ford Foundation, nusu ya siku ya shule ilifanywa ya Kiingereza na nusu ya Kihispania, nao walimu wakapangwa wawili wawili, Mmarekani na Mkuba, wakitunga masomo yao pamoja. Jambo linalonivuta mno katika habari za Coral Way ni kwamba hapo mwanzoni watoto walichanganywa katika muziki, sanaa na michezo, ilhali katika masomo yenyewe kila kundi lilisoma na watu wa lugha yake. Waanzilishi walijua, au walihisi, kwamba urafiki hutangulia na hoja hufuata. Mtoto hawezi kubishana na mwenziwe juu ya sababu ya mvua kabla hajacheza naye mpira.

Miaka miwili baadaye, huko St. Lambert karibu na Montreal, wazazi wa Kiingereza waliwatia watoto wao katika darasa lililofundishwa kwa Kifaransa tangu siku ya kwanza, na Wallace Lambert wa chuo kikuu cha McGill akawafuatilia kwa miaka mingi. Watoto wale walikielewa Kifaransa vizuri ajabu, na Kiingereza chao hakikudhurika. Lakini katika kusema na kuandika waliendelea kukosea mambo ambayo mtoto wa Kifaransa wa umri wao hakosei. Merrill Swain, aliyewachunguza wanafunzi wa madarasa ya namna hiyo, alitoa hoja mwaka 1985 kwamba kusikia peke yake hakutoshi: sharti mtu alazimike kusema, na kusema kwa namna ya kueleweka, ndipo lugha imkae ulimini. Mimi naongeza jambo lililo wazi, ya kwamba darasani mle hamkuwa na mtoto wa Kifaransa. Alikuwamo mwalimu tu, na mwalimu huelewa hata kauli iliyovunjika, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Mtoto mwenzio hana subira hiyo, atakwambia waziwazi kwamba hajakuelewa, na hapo ndipo unapoanza kujifunza.

Basi je, tukiwaweka wawili pamoja, shughuli imekwisha? Laiti ingekuwa hivyo. Kim Potowski, aliyewachunguza watoto wa darasa la tano katika shule ya lugha mbili mjini Chicago, aliona kwamba walipomjibu mwalimu walitumia Kihispania kwa kadiri kubwa, lakini walipogeukiana wao kwa wao Kiingereza kilishika nafasi. Haya yalitokea katika shule iliyotaka kwa moyo wote lugha hizo ziwe sawa. Watoto si wajinga: wanajua lugha ipi iko kwenye televisheni, ipi iko mdomoni mwa daktari na hakimu, na ipi inasemwa na wafagiaji wa sakafu. Tangazo la mwalimu mkuu haliwezi kuifuta elimu hiyo waliyoipata njiani wakienda shule.

Guadalupe Valdés alikwenda mbali zaidi. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1997 alitoa indhari ambayo kila mwenye kuusifu utaratibu huu apaswa kuisoma kwa unyenyekevu: kwamba huenda mtoto wa Kihispania akageuzwa chombo, akawa kamusi yenye miguu ambayo kwayo mtoto wa tabaka la juu hujipatia lugha ya pili bila gharama, naye akasifiwa kwa maneno machache ya Kihispania aliyoyapata, ilhali yule wa kwanza, ambaye Kiingereza chake kimekua mara kumi, hapati sifa yoyote, kwa kuwa yeye hutazamiwa tu akijue. Nimeirudia hoja hii mara nyingi, na sijaona aliyeijibu kwa maneno matupu. Hujibiwa kwa namna ya kazi ambayo watoto hupewa kuifanya.

Hapo ndipo yanapoingia mafunzo ya Elizabeth Cohen wa chuo kikuu cha Stanford. Yeye na wenzake waliyachunguza madarasa ya lugha mbili huko California, ambamo watoto walifanya kazi za sayansi na hesabu katika vikundi vidogo, kwa kadi zilizoandikwa Kiingereza na Kihispania pamoja na picha, katika mpango uliotungwa na Edward De Avila. Waligundua mambo mawili yanayovutana. La kwanza, kadiri mtoto alivyozungumza na wenziwe juu ya kazi, ndivyo alivyojifunza zaidi. La pili, watoto walioaminiwa na wenziwao kuwa ni hodari wa kusoma ndio waliozungumza zaidi, hivyo wakazidi kujifunza, na walioonwa kuwa dhaifu wakanyamaza na kuzidi kubaki nyuma. Yaani dawa ileile ilimponya mmoja na kumdhuru mwingine. Tadbiri aliyoipata Cohen ni ya kuwaambia watoto, kabla ya kazi, kwamba jambo hili lahitaji uwezo wa namna nyingi, wa kupima, wa kuchora, wa kukumbuka, wa kuuliza, na kwamba hakuna hata mmoja wao mwenye uwezo wote wala hakuna asiye na hata mmoja. Kisha mwalimu humvizia mtoto mnyonge hata atende jambo la maana, ndipo amtaje mbele ya wote, kwa dhati na kwa kulieleza jambo lenyewe. Na sheria za kikundi zilikuwa mbili tu: unayo haki ya kumwomba yeyote msaada, na unao wajibu wa kumsaidia yeyote akuombaye.

Sasa nije kwenye jiografia, maana naamini kwa yakini kwamba katika masomo yote ya shule ya msingi, hili ndilo linaloweza kuitimiza tadbiri hiyo bila kujilazimisha. Katika hesabu, atakayejua jibu hamhitaji mwenziwe. Katika sarufi ya Kiingereza, mtoto wa Kiingereza ni tajiri na mwenziwe ni maskini tangu mlangoni. Lakini mahali hapamilikiwi na mtu mmoja. Lucy Sprague Mitchell, mwalimu wa New York, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1934 juu ya wanajiografia wadogo kwamba mtoto aanze na ardhi aikanyagayo, aulize maji yanatoka wapi na mizigo inakwenda wapi, naye ataifikia dunia kwa miguu yake mwenyewe kabla ya kuifikia kwa kitabu. Mwenye kuanza hivyo hana budi kuwauliza watu, na watu wana lugha zao.

Tuitazame nchi ile ya mdomo wa Rio Grande. Wenyeji huiita bonde, kwa Kihispania na kwa Kiingereza, nayo si bonde. Ni delta, uwanda uliojengwa na tope la mto kwa maelfu ya miaka. Jina limeikosea nchi, na watoto wawili wakitumwa kutafuta milima miwili ambayo bonde sharti liwe kati yake, wataikosa, na kuikosa kwao ni ugunduzi mkubwa kuliko ukurasa mzima wa maelezo. Humohumo, hasa mjini Brownsville, mna maji marefu yaliyopinda kama mundu, ambayo ni njia za zamani za mto zilizoachwa mto ulipohama, nayo huitwa resaca. Mtoto wa Kiingereza hulitumia neno hilo kila siku bila kujua kwamba amekopa.

Panda juu ya mto ufikie bwawa la Falcon, lililofunguliwa mwaka 1953. Maji yake yaliufunika mji wa Zapata wa zamani upande wa Texas, na mji wa Guerrero wa zamani upande wa Meksiko, na watu wakahamishiwa miji mipya yenye majina yaleyale. Hapa ndipo ninapotaka msomaji awatazame watoto wetu wawili kwa makini. Mmoja anaweza kusoma ripoti ya wahandisi, kimo cha ukuta na ukubwa wa ziwa, kwa Kiingereza. Mwingine ana bibi au mjomba wa bibi anayekumbuka, kwa Kihispania, mtaa uliokuwa wapi, kanisa lilikuwa upande gani wa uwanja, na watu walibeba nini walipoondoka. Ripoti haina kanisa. Bibi hana kimo cha ukuta. Ramani ya mji uliozama haiwezi kuchorwa na mmoja kati ya watoto hao peke yake, na mwalimu hana haja ya kuwahubiria juu ya usawa, kwa sababu kazi yenyewe imewasawazisha.

Au wapande zaidi hata El Paso, ambako mto, kwa mafuriko ya mwaka 1864 na kuhama kwake polepole, uliiacha ardhi ya Wameksiko iitwayo Chamizal upande wa kaskazini, zikazuka hitilafu za karne nzima baina ya dola mbili, hata ukafanywa mkataba mwaka 1963, mwaka uleule wa Coral Way, na mto ukatengenezewa mfereji wa zege ili usihame tena. Mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa mwaka 1848 ulikuwa umeufanya mto kuwa mpaka, kana kwamba mto ni ukuta. Lakini mto hauna utii kwa sahihi za mawaziri. Swali la mpaka kuhama na watu kubaki, mtoto wa miaka kumi analielewa barabara, na katika madarasa yale wako watoto ambao ukoo wao uko pande zote mbili za maji. Wengi mno wa wakazi wa ule uwanda wa delta wana asili ya Meksiko, hata yule mtoto mwenye nguvu katika Kiingereza aghalabu ni mjukuu wa msemaji wa Kihispania ambaye nyumba yake ilipoteza lugha katika miaka ya mapigo. Kwake yeye, kumtegemea jirani yake wa dawati ni kurudishiwa mali ya babu.

Utaratibu huu hauleti matunda haraka, nao wazazi wenye pupa huvunjika moyo. Jim Cummins alionyesha kwamba mtoto huweza kupata lugha ya mazungumzo kwa muda mfupi, lakini lugha ya masomo humchukua miaka mitano hadi saba. Wayne Thomas na Virginia Collier, waliochunguza rekodi za wanafunzi wengi mno katika majimbo mbalimbali, walifikia rai ya namna hiyo, wakaona kwamba mipango ya lugha mbili inayodumu huwafikisha watoto mbali kuliko ile ya mkato. Shule inayoujaribu kwa miaka miwili na kuuacha imewapotezea watoto wakati.

Je, sisi yatuhusu nini? Kwanza niseme lisilotuhusu. Hatuwezi kuuhamisha utaratibu wa Texas ukatua Dodoma au Morogoro vile ulivyo, maana huko hakuna nusu ya darasa iliyozaliwa na Kiingereza. Mwanafunzi na mwenziwe wote ni wageni wa lugha hiyo, na kipofu hamwongozi kipofu. Kwetu swali limechunguzwa kwa njia nyingine. Katika mradi wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 kwa ushirikiano wa wasomi wa Norwei, Tanzania na Afrika Kusini, miongoni mwao Birgit Brock-Utne, Martha Qorro na Zubeida Desai, madarasa ya Kidato cha Kwanza nchini Tanzania yalifundishwa jiografia na biolojia, mengine kwa Kiswahili na mengine kwa Kiingereza, na huko Rasi ya Magharibi watoto wa darasa la nne walifundishwa jiografia na sayansi kwa Kixhosa, huku wenzao wakiendelea kwa Kiingereza. Waliofundishwa kwa lugha waijuayo walielewa zaidi, wakauliza zaidi, wakaandika kwa kirefu zaidi. Matokeo hayo hayakunishangaza. Lililonishangaza ni jinsi yalivyopuuzwa.

Nayo jiografia ilikuwa chaguo la hekima, kwa sababu Kiswahili chenyewe ni kitabu cha somo hilo. Neno letu ramani limetokana na rahmani, vitabu vya mwongozo walivyochukua manahodha wa bahari hii. Kaskazini ni upande utokako kaskazi, na kusini ni upande utokako kusi. Basi mtoto wa pwani atajapo pande za dunia huwa ametaja hapohapo pepo zinazozileta na kuzirudisha jahazi, jambo ambalo majina ya Kiingereza ya pande hizo hayamwambii mtu. Sisi tuliofundishwa pepo hizo kwa Kiingereza tulikariri jina lake, monsoon, tukidhani ni elimu ya ugenini, wala hatukuambiwa kwamba jina hilo lenyewe lilitoka katika mausimu ya Waarabu, lililotuzalia sisi neno msimu. Miaka mingi ilipita kabla sijatambua kwamba kile kilichochorwa kwa mishale katika kitabu ndicho kilichokuwa kikipuliza dirishani.

Wala hatukukosa watoto wa kuketishwa wawili wawili, tumekosa kuwatazama. Ziwa lile kubwa ambalo Waingereza waliliita kwa jina la malkia wao, Waganda huliita Nnalubaale, Wajaluo huliita Nam Lolwe, na wengi kando yake husema Nyanza tu. Katika darasa la mji kama Kisumu huweza kuwamo mtoto wa Kijaluo aliyezaliwa na mvuvi, na kando yake mtoto wa Kiswahili aliyehamia na wazazi kutoka Mombasa. Huyu wa pili anajua bamvua, anajua maji kupwa na kujaa, anajua mwezi ukiwa hivi pwani huwa hivi. Akiufikia ufuo wa ziwa atangoja maji yapwe, nayo hayatapwa kama alivyozoea. Yule wa kwanza anajua samaki gani hupatikana usiku, na pepo za ziwa hugeuka saa ngapi, na mambo hayo ameyapokea kwa Kijaluo kutoka kwa baba yake. Wape karatasi moja na kalamu mbili, waulize kwa nini maji haya hayapwi, na uwaache wamwendee mvuvi pamoja.